Kuwapelekea Injili wafugaji wa Kihindu wa Gujarat: jibu kwa mwinjilisti wa Manyara

Swali: "Mimi ni mwinjilisti, na pia nimesomea afya ya mifugo. Nimefanya kazi kwa muda mrefu katika maboma ya Wamasai na Wabarbaig. Sasa kanisa moja la Gujarat, India, limenialika kwa miezi mitatu nisaidie kuwafikia wafugaji wa ng'ombe waitwao Rabari na Bharwad, ambao ni Wahindu. Je, mbinu zetu za bomani zitafaa kule? Nianze na nini, niepuke nini?"

Jibu: Ndugu yangu, mbinu moja ya bomani itakufaa sana: kuzungumza na boma zima mbele ya wazee, badala ya kumvuta kijana mmoja pembeni. Nyingine nyingi zitakuharibia kazi, na baadhi zinaweza kuwafikisha polisi waliokualika. Wewe utapanda ndege urudi nyumbani, ila wao watabaki na kesi. Lipime kila jambo kwa mizani hiyo kabla ya kulifanya.

Kwanza uwafahamu watu wenyewe. Katika Saurashtra na Kutch, maeneo mawili ya Gujarat, wafugaji hawa huitwa Maldhari, yaani wenye "mal". Mal hapo ni mifugo, na ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi "mali". Bharwad wengi hufuga kondoo, mbuzi na ng'ombe. Rabari walijulikana tangu zamani kwa ngamia, lakini leo wengi wana ng'ombe, nyati wa maziwa, kondoo na mbuzi. Ng'ombe utakaowaona zaidi ni Gir, mwekundu mwenye paji lililotuna na masikio marefu yanayoning'inia, na Kankrej, wa kijivu mwenye pembe kubwa zilizopinda kwenda juu. Ndani ya msitu wa Gir wafugaji huishi katika vijiji vidogo viitwavyo "nes", vilivyozungushiwa ua wa miiba kwa sababu ya simba. Hapo utajiona uko nyumbani. Usidanganyike na ua ule.

Tofauti kubwa inaanzia kwa ng'ombe mwenyewe. Kwako ng'ombe ni mali, ni mahari, na siku ya sherehe ni nyama. Kwa Bharwad na Rabari ng'ombe ni mama, na maneno yao "gau mata" maana yake ndiyo hiyo. Rabari husimulia kwamba mungu wa kike Parvati alifinyanga ngamia kwa udongo, mumewe, mungu Shiva, akampa uhai, kisha akamuumba Rabari wa kwanza amchunge. Bharwad wanamhesabu mungu Krishna, aliyelelewa na wachungaji wa ng'ombe wa Gokul, kuwa mtu wa kwao, nao humwita Thakar. Kila ukoo una mungu mama wake. Momai ni mmojawapo anayeheshimiwa sana na Rabari, na yupo bhopa, mtu anayesema kwa niaba ya mama huyo anapopandwa. Kwa hiyo kuchunga kwenyewe ni sehemu ya ibada. Ukimwambia mtu aache dini yake, anasikia unamwambia aache kundi, ukoo na babu zake kwa pamoja.

Sasa sheria. Soma sehemu hii mara mbili.

Katiba ya India, ibara ya 25, inampa mtu haki ya kukiri, kufuata na kueneza dini yake. Lakini mwaka 1977 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki ya kueneza haina ndani yake haki ya kumbadili mtu mwingine dini. Gujarat ina sheria yake ya mwaka 2003, iliyoongezwa makali mwaka 2021, inayokataza kumbadili mtu dini kwa nguvu, kwa ulaghai au kwa kishawishi. Kishawishi ni zawadi, fedha au faida yoyote, na maneno yaliyoongezwa mwaka 2021 yanataja hata ahadi ya maisha bora na baraka za Mungu. Maana yake ni kwamba kauli tunayoizoea sana Afrika Mashariki, "mpokee Yesu na ng'ombe wako watabarikiwa", inaweza kusomwa mahakamani kama kosa. Adhabu ya msingi ni kifungo cha hadi miaka 3 na faini ya hadi rupia 50,000. Aliyebadilishwa akiwa mtoto, mwanamke au mtu wa makabila na matabaka yanayolindwa kisheria, ni hadi miaka 4 na laki moja. Rabari, Bharwad na Charan (jamii nyingine ya wafugaji) wanaoishi katika "nes" za misitu ya Gir, Barda na Alech wamo katika orodha hiyo ya makabila. Zaidi ya hayo, anayeendesha ibada ya kumwingiza mtu katika dini nyingine lazima apate kwanza kibali cha mkuu wa wilaya, ambaye watu wa huko humwita kalektar.

Wewe kama mgeni una vizuizi vya kwako. Viza ya utalii haikuruhusu kuhubiri. Ipo viza ya umisionari, na kanisa lililokualika ndilo linalopaswa kukuambia kwa maandishi unaingia kwa viza gani na utafanya nini. Wakikujibu "njoo tu, tutajua hapa hapa", usiende. Fedha nazo zina mlango mmoja tu. Sheria ya michango ya kigeni ya mwaka 2010, iliyobanwa zaidi 2020, inataka msaada wowote kutoka nje upite kwa shirika lililosajiliwa kwa kazi hiyo, katika akaunti maalumu kwenye tawi moja la State Bank of India huko New Delhi, na shirika hilo haliruhusiwi kuupitisha kwa shirika jingine. Bahasha ya sadaka kutoka usharika wako, uliyoibeba kwa nia njema kabisa, inaweza kumfungia mchungaji mwenyeji huduma nzima.

Ukali huu una historia, na ukiijua hutawaona watu wale kuwa wakorofi. Mwaka 1899 hadi 1900 Gujarat ilipigwa na njaa kubwa iitwayo Chhappaniyo, kwa sababu ilikuwa mwaka 1956 wa kalenda yao ya Vikram. Misheni nyingi ziliokota yatima na kuwalea, na wengi wakawa Wakristo. Kanisa linakumbuka huruma. Majirani wanakumbuka watoto walioondoka wakiwa Wahindu na hawakurudi hivyo. Kigujarati kina neno la kubadili dini, "vatal", na mzizi wake ni kutiwa unajisi. Hilo ndilo litakalokuwa kichwani mwa mzee unapoingia uani kwake.

Liko na jambo jingine ambalo wenyeji wako huenda wasikuambie. Wakristo wa Gujarat ni wachache, asilimia 0.52 katika sensa ya 2011, na wengi wao wanatoka kwa Wavankar, waliokuwa wafumaji waliodharauliwa, na kwa makabila ya asili ya misituni. Mfugaji akiliangalia kanisa haoni imani tu, anaona tabaka. Akila pale, ukoo wake utasema amejishusha. Usilitatue hili kwa kuanzisha "kanisa la wafugaji" lisilotaka kukaa na Mvankar, maana utakuwa umeibatiza dhambi ya ubaguzi. Lakini usilipuuze pia. Acha watu wakutane kwanza uani kwa mfugaji, kwa lugha na chakula chake, na ushirika na waumini wengine ukue polepole kwa kutembeleana.

Kuhusu utaalamu wako wa mifugo nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo mtu mwenye moyo mwema huharibu haraka zaidi. Kutibu wanyama India kunahitaji usajili chini ya sheria ya madaktari wa mifugo ya 1984. Huna usajili huo, basi usichome sindano wala usiandike dawa. Unachoweza ni kukaa na wafugaji, kuuliza, kueleza na kuwaunganisha na daktari wa mifugo wa serikali. Chanjo ya homa ya kuvimba koo hutakiwa kabla ya masika yao, ambayo huanza Juni, na wafugaji wanaohamahama hukosa kampeni kwa sababu siku ya chanjo wako njiani. Kumsaidia kiongozi wa msafara kupanga tarehe na daktari mapema ni kazi kubwa isiyohitaji hata chupa moja ya dawa. Ugonjwa wa mapele ngozi uliua ng'ombe wengi Gujarat na Rajasthan mwaka 2022, na Kutch iliumia vibaya, kwa hiyo maswali yatakuwa mengi. Usiwapelekee diklofenaki ya wanyama, dawa ya kutuliza maumivu, hata ukiombwa. Ilipigwa marufuku mwaka 2006 kwa sababu tai waliokula mizoga yenye dawa hiyo walikufa karibu kuisha.

Na hili ulishike: usishauri kamwe ng'ombe achinjwe. Si mzee, si aliyevunjika mguu, si tasa, si ndume asiyetakiwa. Wewe umezoea kusema "huyu mpunguze kundini", lakini sentensi hiyo ikitafsiriwa kwa Kigujarati inatosha kuvunja urafiki wa mwezi mzima. Kuchinja ng'ombe Gujarat tangu 2017 kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Wanyama waliochoka hupelekwa kwenye hifadhi ziitwazo panjrapole. Mnyama anayeteseka, zungumzia maji, kivuli, malisho na kidonda, basi.

Tenganisha huduma na ujumbe. Siku ya mifugo iwe ya mifugo, bila sala ya hadharani, bila kijitabu, bila "kabla hatujaanza tusikilize neno". Ujumbe uwe siku nyingine, saa nyingine, na ikiwezekana uletwe na mtu mwingine. Sheria inalitaka hilo, lakini hata kama isingelitaka, mtu ambaye ndama wake amepona mikononi mwako hayuko huru kukukatalia. Na imani ya mtu asiyeweza kukataa haimfikishi mbali. Hata hivyo usijifiche. Ukiulizwa wewe ni nani, sema kwa sentensi moja: "Mimi ni mfuasi wa Yesu, nimealikwa na Wakristo wa hapa, na ninapenda mifugo." Ukweli uliosemwa siku ya kwanza hauwi fumanizi siku ya arobaini.

Mwezi wa kwanza jifunze kusalimia na kukaa. Tumia "namaste" kwa mikono iliyounganishwa. "Jai Mataji" na "Jai Thakar" utazisikia kila mahali, nazo ni salamu za kuwatukuza miungu yao, hivyo si zako kuzianzisha. Jina la mtu mzima lifuatishe "bhai" kwa mwanamume na "ben" kwa mwanamke. Angalia mitego ya lugha: kwa Kigujarati "kaka" ni baba mdogo, "dada" ni babu mzaa baba, na "mama" ni mjomba. Ukimwita mama mwenye nyumba "mama" utakuwa umemwita mwanamume. Kiongozi wa msafara wa mifugo huko Kutch huitwa mukhi, neno ambalo watu wa pwani yetu wanalijua kwa Waismailia. Huyo ndiye wa kumwendea kwanza, na usiingie kambini kwake bila ruhusa yake.

Vua viatu mlangoni. Acha mkanda wa ngozi ya ng'ombe na jalada la Biblia la ngozi nyumbani kwako Tanzania. Chukua Biblia ya jalada la kitambaa, na usiiweke sakafuni, kwa sababu kitabu kitakatifu kinachokaa sawa na miguu kwao ni kitabu kilichodharauliwa. Chai utakayopewa ni ya maziwa matupu au karibu hivyo. Ipokee kwa mkono wa kulia na uinywe, kwa kuwa kuikataa ni kuikataa nyumba. Maji ya lota, chombo kidogo cha mviringo, hunywewa bila mdomo kugusa chombo, basi jizoeze kabla hujaaibika. Nyama usile hata ukiwa hotelini mjini, muda wote wa miezi mitatu. Paulo katika 1 Wakorintho 8:13 ameshakuamulia hilo. Ukitaka kupeleka kitu, peleka matunda au sukari guru, kidogo, kwa nyumba nzima, kama mgeni yeyote anavyofanya.

Wanawake wengi hufunika uso mbele ya wakwe wa kiume. Usiwaelekezee mazungumzo, usiwawekee mikono kichwani, usikae nao peke yako. Kama timu haina wanawake wakomavu wanaojua Kigujarati, nusu ya watu hamjawafikia, na huenda ni nusu yenye neno zito zaidi katika ibada za nyumbani. Wao hukaa na wenzao saa za mchana wakati wa kushona na kutengeneza samli. Kwa wanaume muda mzuri ni usiku, baada ya kukamua na kula mkate wa uwele na mtindi uliosukwa, watu wakiwa wametulia na nyimbo za ibada ziitwazo bhajan zikianza.

Msimu pia ni ujumbe. Wakati wa masika, Juni hadi Septemba, familia nyingi ziko karibu na kwao. Gokulashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, ndiyo siku ambayo Rabari wa Kutch kwa desturi hufungisha harusi zao. Navratri, usiku tisa za mungu mama, huja Septemba au Oktoba. Siku hizo usihubiri wala usifanye mkutano. Ukialikwa harusini, kaa kwa adabu. Ukipewa prasad, chakula kilichotolewa kwa mungu, usikitupe wala usikifiche mfukoni. Mweleze mwenye nyumba mapema, faraghani, kwa mikono iliyounganishwa, kwamba wewe hutumia kile tu ulichokiombea kwa Mungu wako. Wakristo wa huko hawana msimamo mmoja juu ya jambo hili, hivyo fuata la wenyeji wako na uwe yule yule katika kila nyumba.

Hadithi za Biblia zichague kama mchungaji anavyochagua njia ya kupita na kundi. Wazee wengi husikiliza kuliko kusoma, kwa hiyo simulia na uwache nafasi ya maswali. Vijitabu hubeba hatari zaidi ya faida. Kosa la kawaida kabisa ni kuanza na mwana mpotevu. Sisi tunaona baba mwenye upendo, wao wanaona mtu aliyemchinja ndama kwa furaha. Mwanzo 18, Abrahamu na wageni wake, ina ndama yule yule. Eliya na fahali wa 1 Wafalme 18 mwache kabisa kwa sasa. Sikuambii uifiche Biblia. Siku watakapouliza kuhusu dhabihu, waeleze wazi kwamba zilikuwepo, na kwamba kwa Wakristo dhabihu ya Kristo imezimaliza zote. Lakini usizitangulize.

Anza na Mwanzo 13, wachungaji wa Abrahamu na wa Lutu wakigombea malisho. Mfugaji wa Gujarat anaona gauchar, ardhi ya malisho ya kijiji, ikipungua kila mwaka kwa mashamba na viwanda, na atakaa wima kusikiliza. Kisha Mwanzo 31:38-40, Yakobo akilalamika kwamba mnyama aliyeraruliwa alimlipa yeye, joto la mchana na baridi ya usiku. Kisha Musa akichunga, Daudi akiitwa kutoka malishoni, wachungaji wa Bethlehemu, kondoo mmoja kati ya mia, na hapo ndipo Yohana 10, mchungaji anayebaki mbwa mwitu anapokuja. Watu waliokesha kwa sababu ya simba hawahitaji ufafanuzi mrefu. Hadithi moja kwa usiku mmoja inatosha, nayo irudiwe na wao wenyewe. Wakiirudia vibaya, hukuieleza vizuri.

Jihadhari na "ndiyo" ya haraka. Mhindu mwenye heshima atakubali kwamba Yesu ni wa kweli, ataomba picha yake, na ataitundika pembeni ya Momai. Hakudanganyi, kwake mlango wa miungu haujawahi kufungwa. Timu ngeni huandika hapo "nyumba tatu zimeokoka", na mwaka unaofuata zinashangaa kukuta picha ina shada la maua na ubani. Usiombe watu wanyoshe mikono wala usihesabu. Swali lenye uzito, ambalo litachukua miezi au miaka, ni kama wako tayari kumwabudu yeye peke yake, na hilo linawagusa mama wa ukoo, uchumba wa watoto waliokwisha posana, na nafasi yao mbele ya baraza la ukoo. Mtu aliyetengwa huitwa "nat bahar", nje ya tabaka lake. Hapewi moto wala maji, na binti yake haolewi.

Kwa sababu hiyo, kijana akikufuata usiku akisema anataka kubatizwa, mpende, mwombee, na mrudishe nyumbani kwa baba yake. Aendelee kuchunga, aendelee kumheshimu mama yake, azungumze na ndugu zake. Asibadili jina wala mavazi. Usimhamishie mjini, hata kwa nia ya kumlinda, isipokuwa maisha yake yako hatarini kweli. Akija na kaka na wake zao, mko mahali pengine kabisa. Ubatizo si wako: ni wa mchungaji mwenyeji, baada ya wakili kueleza kibali na athari zake kwa vyeti vya kabila na tabaka, na baada ya mhusika kuandika kwa mkono wake au mbele ya mashahidi kwamba hakuahidiwa chochote. Mtu wa chini ya miaka 18 asiguswe bila wazazi wote wawili.

Akiomba maombi kwa ajili ya mgonjwa, omba mbele ya familia, kwa lugha wanayoielewa, bila kuahidi matokeo na bila kusema neno juu ya bhopa. Dawa za hospitali ziendelee.

Gujarat ni jimbo lisiloruhusu pombe tangu lilipoundwa mwaka 1960. Kwa Meza ya Bwana tumieni maji ya zabibu kavu zilizolowekwa usiku kucha na kuchujwa, na chapati badala ya mkate wa kununua. Kikombe kimoja kinachopita mdomo hadi mdomo ni unajisi kwao, basi mimineni kila mtu kwenye kikombe chake kidogo.

Picha za nyuso, majina ya vijiji na ya watu visionekane katika ripoti yako, wala kwenye kundi la WhatsApp la usharika. Picha huzunguka, na huko Gujarat kuna watu wanaozitafuta. Andikia kanisa lako mambo uliyojifunza, idadi ya siku za chanjo mlizosaidia kupanga, na mahitaji ya maombi yasiyotaja mtu. Wiki ya mwisho muage kila mzee uani kwake, na usimwambie utarudi kama tiketi ya kurudi huna.